Kwa nini nilimwagia theluji jiko la baba yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako mzima, wadogo zako wazima, nami namshukuru Mungu. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimsikia mjukuu wangu tu akilia nyuma yako. Mara ya pili nikasikia habari ya dhoruba ya barafu mliyotangaziwa huko Ohio, na kwamba mkwe wangu amenunua jenereta na anafikiria kuliweka gereji lisilowe. Mara ya tatu ndipo nikalisikia swali lenyewe. Ulisema: "Mama, ule usiku wa baridi Houston, Baba alikuwa ameshawasha jiko ili tuote moto. Mbona ulilimwagia theluji, ukampigia kelele mbele yetu? Sijawahi kukusikia ukimpigia Baba kelele, si kabla wala baada. Kulikuwa na nini?"

Nilitaka kupiga simu. Nikaona kwenye simu nitalia, nawe utalia, na una kichanga mikononi. Kwa hiyo nimekaa mezani naandika, na barua hii naiweka ndani ya kifurushi ninachokutumia.

Nianzie siku ile ya Jumapili, Februari 14, 2021. Ulikuwa na miaka 19, umerudi kutoka chuoni. Madukani mikate ilikuwa imekwisha tangu Jumamosi, na sisi tulipata unga, maharage, tangawizi na katoni mbili za maji. Unakumbuka baba yako alivyokuwa na amani? Alisema sisi ni watu wa Temeke, mgao wa umeme hautatutisha. Na kweli mgao tuliujua. Mwaka 2006, maji ya bwawa la Mtera yaliposhuka kwa ukame, Dar es Salaam tulikuwa tunashinda bila umeme mchana kutwa, wewe una miaka mitano, unalala juu ya mkeka uani kwa joto. Mwaka 2011 ukarudi tena, ukawa unafanya kazi za shule kwa taa ya chemli na asubuhi unaamka na masizi puani. Giza lilikuwa mgeni wetu wa siku zote. Tulijua lilivyo na tulijua pa kuliweka.

Umeme ulikatika kwetu kama saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Hita ikakaa kimya, friji ikakaa kimya, na ule mngurumo wa nyumba ambao huusikii mpaka ukome, ukakoma. Redioni walisema ni mgao wa zamu, kila mtaa utakatiwa muda mfupi kisha utarudishiwa. Baba yako akageuka upande wa pili akalala. Mgao una zamu, alisema, tutapata zamu yetu. Kulipokucha zamu haikuwa imefika. Jumatatu jioni haikufika. Jumanne haikufika.

Baadaye alinieleza kwa nini, na kwa kuwa yeye ni fundi umeme, alinieleza nikaelewa. Visima vya gesi na mabomba yake viliganda, mitambo ya gesi, ya makaa ya mawe na ya upepo ikazimika mmoja baada ya mwingine, hata mtambo mmoja wa nyuklia ukasimama kwa sababu ya kibomba kilichoganda. Na Texas ina gridi, yaani mtandao wa umeme, yake peke yake, haikuungwa vya kutosha na majimbo mengine, kwa hiyo jirani hakuweza kuazimisha. Pengo kati ya umeme uliohitajika na uliokuwepo likawa kubwa mno kugawa kwa zamu. Njia zilizobaki na umeme zilikuwa zile zenye hospitali na pampu za maji, zisizoweza kukatwa, basi waliokuwa gizani wakabaki gizani. Na alisema jambo moja lililonitia baridi kuliko baridi yenyewe. Usiku ule ule wa kwanza, sisi tumelala, gridi nzima ilikuwa imebakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke yote, na ingeanguka, kuiinua kungechukua wiki nyingi.

Lakini Jumatatu ile, mwanangu, ilikuwa siku nzuri. Nataka ulijue hilo, maana kwenye ujumbe wako umeukumbuka ugomvi tu. Theluji ilikuwa imelala juu ya majani na juu ya paa la gari, na wadogo zako hawakuwahi kuigusa tangu wazaliwe. Baba yako alitoka na kandambili na soksi, akarudi mbio. Nyama yote ya kwenye friza tuliipakia kwenye sanduku la barafu tukalizika kwenye theluji nyuma ya nyumba, ikakaa vizuri kuliko ilivyokaa kwenye friza. Jiko lile la nyama choma tuliliwasha uani, nikapika chai ya tangawizi na chapati, wewe unasukuma na mimi nageuza, vidole vyako vyekundu. Mlizila mmesimama, zikiwa mikononi, moshi wa chai na moshi wa pumzi zenu haujulikani upi ni upi.

Mchana akaja jirani yetu Mkongo, yule tuliyemwita Mama Pacha, amebeba pacha mmoja mgongoni na mwingine ubavuni, mume wake nyuma na magodoro mawili kichwani. Nyumba yao ilikuwa ya baridi kuliko yetu. Hatukuwa tumezoeana sana, salamu tu za getini. Alisimama mlangoni akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Mama, tulale wote fasi moya." Nikamwambia karibu ndani, hili ndilo nililokuwa nawaza.

Kwa maana kulala mahali pamoja nilikuwa nakujua, nako sikukujulia Dar. Nilikujulia Njombe. Ninyi sebuleni mlikuwa mmeshapanga mablanketi, mimi nikawahamisha wote chumba cha nyuma, kile kidogo, chenye dirisha moja. Chumba kikubwa hakipati joto la miili. Tukaunganisha magodoro, tukatundika mablanketi dirishani, nikachukua mataulo yote ya bafuni nikayasokomeza chini ya mlango na kwenye nyufa za dirisha mpaka upepo ukakatika. Watu tisa chumba kimoja. Tochi ya simu tuliielekeza kwenye dumu la maji meupe, chumba chote kikapata mwanga mwororo kama wa mwezi. Mkacheza lasti kadi. Baba yako akaanza, "Paukwa!" nanyi mkaitikia "Pakawa!" na Mama Pacha akacheka akauliza hiyo ni dini gani. Hadithi ya sungura na fisi aliisimulia ndefu hivi sijawahi kuisikia, nadhani alikuwa anaiongezea ili usiku upungue.

Niliyaweka yale mataulo kwa mikono yangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Jumanne kuliharibika. Asubuhi nje ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Jioni kipimo cha ukutani kwenye korido kilisoma 41 za Fahrenheit, yaani 5 tu. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka kwa kusitasita. Chaja ya gari tulikuwa tunaitumia kwa zamu, gari likiwa barabarani. Watoto hawakutaka tena kadi. Mdogo wako wa mwisho, wakati ule ana miaka saba, alikuwa ametetemeka mchana kutwa, halafu ikafika saa tatu usiku akaacha kutetemeka, akawa anajibu polepole kama mwenye usingizi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Baba yako alimtazama, akanyanyuka bila kusema kitu, akatoka.

Nilimsikia uani akipuliza mkaa. Nilijua anapika chai. Nilikuwa nimempakata pacha mmoja na mtoto wetu nimemwingiza ndani ya koti langu. Baadaye nikasikia mlango wa jikoni, nikasikia nyayo zake koridoni, nzito, za mtu aliyebeba kitu cha moto kwa tahadhari. Akausukuma mlango kwa mguu, taulo likasogea. Amelishika jiko kwa vitambaa viwili. Makaa yameiva yote, mekundu mpaka ndani, juu yake vijivu vyepesi tu. Uso wake uliangazwa na ule moto, na alikuwa na furaha. Akasema, "Moshi umekwisha wote, mama watoto. Sasa ni salama."

Hapo ndipo uliponiona. Nilimtupia Mama Pacha mtoto wake, nikamrudisha baba yako kinyumenyume koridoni na jiko lake mikononi, mpaka jikoni, mpaka uani, nikachota theluji iliyokuwa imebaki kivulini, imeshakuwa ngumu kama chumvi ya mawe, nikamwaga, nikachota tena nikamwaga. Nilimwambia, "Unataka kutuua?" Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeshika tochi.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakiona mimi pale mlangoni, badala ya baba yako.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 11, naishi kwa bibi Njombe. Julai. Wewe Njombe umeiona mara moja tu, mwezi wa kumi na mbili, imejaa kijani. Julai huko asubuhi majani yanakuwa meupe, ukikanyaga yanavunjika. Mama mdogo wangu, mdogo wake wa mwisho mama yangu, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi. Alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa anacheka na kila mtu, na mimi nilikuwa kijakazi wake, namletea maji ya moto, namfulia nepi, ananisuka nywele akiwa amekaa kitandani. Siku ya kumi baridi ilizidi. Bibi akamwashia jiko la mkaa uani, akasubiri moshi uishe wote, makaa yakaiva, akaliingiza chumbani, akaliweka mbali na kitanda ili mtoto asiungue. Akamfungia mlango. Kisha mama mdogo mwenyewe, kwa ndani, akaziba chini ya mlango kwa khanga ili upepo usimpige mtoto. Kila kitu kilifanywa kwa uangalifu. Hakuna aliyezembea.

Asubuhi nilitumwa na uji. Niligonga, nikasukuma mlango, ukawa mzito kwa sababu ya ile khanga. Nilijua wamelala. Mama mdogo amelala ubavu, mtoto amemwekea mkono. Nyuso zao zilikuwa na rangi nzuri, nyekundu, kama watu waliotoka juani. Jiko lilikuwa jivu tupu. Niliweka bakuli chini, nikatoka kwa kunyata nisiwaamshe. Nilimwambia bibi bado wamelala. Tukawaacha mpaka saa nne, mwanangu.

Hiyo sijawahi kumsimulia mtu ila mama yangu, na baba yako usiku ule. Nilikuwa nasema nitakuambia ukikua. Ulipokua ukaolewa, ulipoolewa ukapata mimba, na habari ya mzazi aliyekufa na kichanga chake haiwekwi kwenye masikio ya mwenye mimba. Sasa umejifungua salama, na mume wako anataka kuweka jenereta gereji. Siwezi kukaa kimya.

Mkaa unapoacha kutoa moshi, watu wengi hudhani sumu imekwisha. Moshi ndio unaokufanya ukohoe na kufungua dirisha. Ukiisha, kinachobaki ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Damu yetu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, basi ukiivuta, damu inazunguka mwilini bila kubeba uhai. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, unasikia usingizi. Na mtu mwenye baridi, aliyepata joto baada ya siku mbili, usingizi anaufurahia. Uani jiko hilohilo halina neno, upepo unaichukua. Jikoni Temeke, madirisha ya nondo na nyavu, mlango wazi mchana kutwa, tuliishi nalo miaka yote. Baba yako alikulia kwenye nyumba inayopumua. Hakuwahi katika maisha yake kulala kwenye chumba kilichozibwa. Na aliyekizibia chumba alikuwa mimi, kwa mataulo yangu sita. Nusu ya kifo chetu nilikuwa nimeshaiandaa mwenyewe, yeye alikuwa analeta nusu ya pili kwa mapenzi.

Baadaye jimbo lilihesabu waliokufa kwa sababu ya ile dhoruba, wakafika 246. Wengi waliuawa na baridi. Lakini 19 waliuawa na hewa hiyo, na kwenye hao walikuwamo watu waliowasha gari gereji ili wapate joto, na kila nikisikia hesabu ile naona watu waliokuwa wanajitahidi.

Kuna sehemu ya usiku ule ambayo hukuiona, maana niliwarudisha ndani mkalala. Nilipomaliza kumweleza baba yako, tumesimama wawili uani na jiko linatoa mvuke, hakujitetea. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwenu, mtu akipoa hivi, mnafanyaje bila jiko?" Nikamwambia bibi alikuwa anaweka matofali motoni, nje, anayafunga kwenye matambara, tunalala nayo miguuni. Matofali hatukuwa nayo. Akamwaga ile theluji, akapanga mkaa upya, akauwasha, akaweka sufuria ile kubwa ya pilau imejaa maji. Tukakusanya chupa zote za plastiki ngumu na chupa za mafuta ya kupikia. Maji yakipata moto wa kutosha, si ya kuchemka, anajaza, anafunga kwa nguvu, ananipitishia dirishani, nami nazivika soksi na kuzipanga kati yenu, moja kwenye tumbo la mdogo wako, moja kwenye kwapa, na kumnywesha maziwa ya moto yenye sukari kijiko kwa kijiko. Zikipoa nazirudisha. Baada ya kama nusu saa mtoto alianza kutetemeka tena, na sijawahi kumshukuru Mungu hivyo kwa mtoto kutetemeka.

Baba yako alisimama uani mpaka alfajiri. Amevaa makoti mawili, na juu kajifunga kitenge changu kichwani kama mwanamke anayekwenda sokoni. Mume wa Mama Pacha alitoka kumpokea zamu saa tisa, baba yako akakataa kuingia, wakabaki wote wawili wanapokezana kupuliza. Uliponiuliza asubuhi kwa nini Baba analala mchana, nilikuambia amechoka tu.

Yaliyofuata unayajua. Umeme ulirudi Jumatano usiku, tukapiga vigelegele. Alhamisi bomba la darini lililokuwa limepasuka likayeyuka, dari ikashuka juu ya kochi. Maji mji mzima tukachemsha mpaka Jumapili. Hayo ni mambo ya mali, yalitengenezwa.

Sasa sikia, na mwambie mkwe wangu nimesema kwa heshima zote. Jenereta likae nje kabisa, hatua ishirini za miguu yake kutoka nyumbani ziwe ndio kidogo, na bomba la moshi lielekee mbali na madirisha, yenu na ya jirani. Si gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Mvua ikimsumbua alijengee kijibanda kilicho wazi pembeni. Gari msiliwashe ndani. Kama mtakuwa na jiko la mkaa au la gesi la kambini, lisivuke kizingiti. Ulizeni leo valvu kuu ya maji iko wapi, kabla ya giza. Mchague chumba kidogo, mlale pamoja, mtoto umweke kifuani ngozi kwa ngozi na ninyi ndio mjifunike, yeye umvike kofia na uso uwe wazi. Chupa za maji ya moto ziwe kwenu wakubwa, si kwake. Na mkianza kuumwa kichwa wote kwa pamoja, au kusikia kichefuchefu, usikae kufikiri ni chakula gani. Mbebe mtoto, tokeni nje na baridi ile ile, mkiwa nje pigeni 911.

Kwenye kifurushi kuna kitenge kile alichojifunga baba yako, nimekifua. Kuna tangawizi kavu. Na kuna kengele mbili za kupimia hewa hiyo, za betri, zinalia hata umeme usipokuwepo. Betri nimezitia mwenyewe. Moja mkaiweke karibu na mlango wa chumba mnacholala, nyingine kwenye korido inayotoka gereji. Katikati ina kitufe cha kujaribia. Ukishaitundika, nipigie kwanza, kisha ukibonyeze nikiwa kwenye simu, niisikie ikilia.

Mama yako